Fungunyota lile limetoka wapi? Jinsi mafungunyota yanavyosimulia halo ya galaksi yetu ilivyojengwa

Swali: "Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha sita, Iringa. Mwezi wa tano mjomba aliniazima darubini yake ya macho mawili, ile ya kutazamia wanyama mbugani. Usiku mmoja umeme ulikatika mtaa mzima, nikatoka nje na kutazama kusini. Juu ya Salibu, kidogo kushoto, nikaona kitu kama kipande cha pamba. Si nyota, si wingu. Mwalimu wetu wa fizikia akasema ni kundi la nyota linaloitwa Omega Centauri. Baadaye nikasoma kwamba makundi ya namna hiyo ndiyo yaliyoonyesha kuwa galaksi yetu ilimeza galaksi nyingine zamani. Hapo nikakwama. Wanajuaje? Nyota hazina cheti cha kuzaliwa, na hakuna mtu aliyekuwepo. Na hilo nililoliona mimi, ni la hapa kwetu au ni la kuja?"

Marahaba, mwanangu. Umeuliza mambo mawili, na la pili haliwezi kujibiwa kabla ya la kwanza, kwa hiyo vumilia kidogo.

Kilimia unakijua. Ni fungunyota, yaani nyota zilizozaliwa pamoja kutoka wingu moja la gesi na bado zinakwenda pamoja. Wakulima wa pwani walikisoma kama kalenda: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kilimia kina nyota elfu moja na kitu, kiko umbali wa miaka nuru 440 hivi, na umri wake ni kama miaka milioni mia moja tu. Kwa nyota huo ni utoto. Mafungunyota ya aina hii yako ndani ya sahani ya galaksi yetu, Njia Nyeupe, na husambaratika mapema.

Ulichokiona wewe ni kitu cha ukoo mwingine. Hilo ni fungunyota tufe: nyota kwa malaki, na kwa Omega Centauri ni kama milioni kumi, zimebanana katika umbo la mpira. Mengi ya mafungunyota tufe yana umri wa miaka bilioni kumi hadi kumi na tatu, na ulimwengu wenyewe una bilioni 13.8. Jua letu lina bilioni 4.6. Katika Njia Nyeupe tunayafahamu zaidi ya 150, na mengi yake hayafuati sahani. Yametapakaa pande zote, juu na chini, katika eneo kubwa la mviringo linaloizunguka sahani. Eneo hilo ndilo tunaloliita halo. Nyota zake ni asilimia chache tu ya nyota zote za galaksi, pengine moja au mbili kwa mia, lakini ndizo kongwe, na ndiko mabaki ya mambo ya kale yalikohifadhiwa.

Kwa nini tutumie mafungunyota na si nyota mojamoja? Kwa sababu ya umri. Fikiria mtu mzima usiyemjua amesimama mbele yako: miaka thelathini na nane au arobaini na tano? Utabahatisha. Lakini ukiletewa rika zima, watu waliotahiriwa msimu mmoja, kazi inakuwa nyepesi. Unatazama nani bado yupo na nani ameshakwenda. Nyota nazo ziko hivyo, tena kwa utaratibu kuliko binadamu, kwa sababu kwao anayetangulia kufa ni yule mwenye mwili mkubwa. Nyota nzito huunguza hidrojeni yake kwa pupa na kumaliza mapema. Nyepesi hubana matumizi.

Kwa hiyo wanaastronomia huchora nyota zote za fungunyota moja kwenye mchoro mmoja, rangi kwa upana na mng'ao kwa kimo. Nyota za kawaida hujipanga kwenye mstari. Kwenye fungunyota changa mstari huo ni mrefu, unapanda mpaka kwenye nyota za buluu kali. Kwenye fungunyota zee sehemu ya juu haipo tena: mstari unafika mahali unakata kona na kuelekea kwenye nyota kubwa nyekundu, zile zilizo njiani kufa. Kona hiyo ndiyo saa. Katika mafungunyota tufe ya kale, nyota zilizopo kwenye kona leo zina uzito wa karibu nane ya kumi ya Jua. Kutokana na hapo tunapata umri. Umri kamili una shaka ya kama miaka bilioni moja hivi, ila ukilinganisha fungunyota moja na jingine, tofauti ya nusu bilioni inaweza kuonekana.

Cheti cha kuzaliwa kipo, basi, lakini kina tarehe tu. Mahali hapakuandikwa. Mahali tunapapata kwa chuma.

Ulimwengu ulipoanza haukuwa na chuma. Ulikuwa na hidrojeni na heliamu, pamoja na lithi kiduchu. Chuma, oksijeni, magnesi na kalisi vyote vilipikwa ndani ya nyota na kumwagwa nje zilipolipuka. Kila kizazi cha nyota kinachozaliwa kinarithi gesi iliyochafuliwa na waliotangulia, kwa hiyo kadiri muda unavyopita chuma kinaongezeka. Sasa sikiliza jambo ambalo kila kitu kinalitegemea: hakiongezeki kwa mwendo mmoja kila mahali. Galaksi kubwa huzaa nyota kwa kasi, milipuko inafuatana, na mvutano wake ni mkubwa kiasi kwamba vumbi na gesi ya milipuko haiwezi kutoroka. Inarudi jikoni na kupikwa tena. Galaksi kibete inazaa polepole, na milipuko yake inapuliza sehemu kubwa ya mazao nje kabisa. Ndani ya miaka bilioni moja na kitu galaksi kubwa inaweza kuwa imefika kiwango cha chuma ambacho kibete atakifikia baada ya miaka bilioni tano au sita, kama atakifikia.

Unaona tunakokwenda. Chukua mafungunyota mawili yenye chuma kinachokaribiana. Moja ni 47 Tucanae, ambalo utaliona kusini kabisa miezi ya Oktoba na Novemba, karibu na Wingu Dogo la Magellan. Lina karibu moja ya tano ya chuma cha Jua, na lilizaliwa mapema sana, miaka bilioni kumi na mbili hivi iliyopita. Jingine ni Terzan 7, dogo na hafifu, nalo lina chuma kinacholingana na hicho au kuzidi kidogo, lakini ni changa kwa zaidi ya miaka bilioni tatu. Mahali alipozaliwa 47 Tucanae chuma kilipatikana upesi. Mahali lilipozaliwa Terzan 7 ilibidi kusubiri sana. Haiwezekani yawe yametoka jiko moja.

Mwaka 2009 kikundi cha Antonio Marín-Franch kilitoa vipimo vya umri wa mafungunyota 64 yaliyopigwa picha na darubini ya Hubble. Walipoweka umri upande mmoja na chuma upande mwingine, nukta zikagawanyika. Kundi moja lilikuwa la wazee watupu, wote karibu umri mmoja, wenye chuma kidogo na wenye chuma kingi pia. Kundi la pili liliteremka kwa mteremko: kadiri chuma kinavyozidi ndivyo umri unavyopungua. Matawi mawili. La kwanza ndilo unalolitarajia kwa watoto wa galaksi kubwa iliyojenga upesi. La pili ni la watoto waliolelewa kwenye galaksi ndogo, na Terzan 7 limo humo. Mwaka uliofuata Duncan Forbes na Terry Bridges wakapiga hesabu kwa njia hiyo na kusema kati ya mafungunyota 27 na 47 ya Njia Nyeupe yaliletwa na galaksi kibete sita hadi nane. Namba zimebadilika tangu hapo. Matawi yenyewe hayajaondoka, na ukiniuliza ni ushahidi gani ninaouamini kuliko wote katika habari hii, ni huo.

Nisikufiche kwamba wazo lenyewe ni la zamani zaidi. Mwaka 1918 Harlow Shapley, akifanya kazi kwenye kituo cha kutazamia nyota cha Mount Wilson kule California, aliona kwamba mafungunyota tufe hayatuzunguki sisi. Yamesongamana upande wa kundinyota la Kausi. Akasema kitovu cha galaksi kiko kule, na Jua liko pembeni. Umbali aliukuza mno, kwa sababu hakujua vumbi la angani linafifisha nyota, lakini upande aliupata. Mwaka 1962 Olin Eggen, Donald Lynden-Bell na Allan Sandage, wakitumia mienendo ya nyota kongwe, wakaandika kwamba galaksi ilitokana na wingu moja kubwa lililoporomoka kwa haraka, kwa muda wa miaka milioni mia mbili hivi. Ni picha safi. Kama ni kweli, basi mafungunyota ya mbali yangezaliwa kwanza na kuwa na chuma kidogo, kisha chuma kipande taratibu kadiri unavyosogea katikati.

Leonard Searle na Robert Zinn wakaenda kuangalia. Walipima mafungunyota 19, na mwaka 1978 wakatoa jibu: katika halo ya nje mpangilio huo haupo. Utakuta la mbali lenye chuma kiasi na la karibu lisilo nacho, bila utaratibu wa umbali. Tena mafungunyota ya nje yenye chuma sawa yalitofautiana katika rangi za nyota zinazounguza heliamu, na wao wakahisi sababu ni umri. Wakahitimisha kwamba halo ya nje haikuporomoka kwa mpigo. Ilikusanywa kipande kwa kipande, kutoka vijigalaksi vilivyoishi maisha yake vyenyewe kabla ya kuangukia huku. Kwa wakati ule walikuwa na nukta kumi na tisa tu mkononi! Mimi hurudi kwenye makala yao kila mara ninapoona mtu analalamika kwamba hana data ya kutosha.

Miaka kumi na sita baadaye mshtakiwa akakamatwa na kidhibiti mkononi. Mwaka 1994 Rodrigo Ibata, Gerard Gilmore na Michael Irwin, wakipima mwendo wa nyota upande wa kitovu cha galaksi, walikuta kundi lisilokwenda na wenzake. Ilikuwa galaksi kibete nzima, nyuma ya kitovu, inararuliwa na Njia Nyeupe wakati huu tunapozungumza. Wakaiita kwa jina la kundinyota lilelile la Kausi, Sagittarius. Kisha watu wakatazama kilichopo katikati yake, na kilichopo ni fungunyota M54. Charles Messier aliliandika mwaka 1778 akiwa Paris kama kijiwingu tu. Kwa zaidi ya karne mbili kila orodha ililihesabu kuwa mali ya Njia Nyeupe. Kumbe liko umbali wa karibu miaka nuru 87,000 na ni moyo wa galaksi nyingine. Pamoja nalo yamo Arp 2, Terzan 7 tuliyekwisha kumtaja, Terzan 8, na Palomar 12 ambalo limeshang'olewa na kubaki likielea mbali na mama yake. Palomar 12 hilo lina magnesi na kalisi kidogo kulinganisha na chuma chake, na hiyo ni alama ya galaksi iliyozaa polepole: milipuko ya nyota kubwa huleta magnesi mapema, ile ya nyota kibete nyeupe, yaani makaa ya nyota zilizokwisha kuzimika, huleta chuma kwa kuchelewa, na anayezaa taratibu hukutwa na chuma cha kuchelewa kabla hajafika mbali. Angani Palomar 12 halikai na Sagittarius. Damu na mwendo wake ndivyo vilivyolitaja.

Mwendo ndio ushahidi wa tatu. Abiria wakishuka basi moja pale stendi, baada ya saa moja huwezi kuwatambua kwa mahali walipo. Huyu yuko sokoni, yule kwenye bodaboda. Lakini tiketi bado ziko mifukoni. Galaksi ndogo inapoanguka na kuraruka, nyota na mafungunyota yake yanasambaa anga zima, ila kila kimoja kinabaki na nishati ya njia yake na kiasi chake cha mzunguko, karibu kama vilivyokuwa. Ili kuisoma tiketi hiyo unahitaji kujua fungunyota liko wapi, linakuja au linaondoka kwa kasi gani, na linateleza vipi upande kwa upande. Hilo la mwisho lilikuwa kazi ngumu hadi chombo cha Gaia cha Shirika la Anga la Ulaya, kilichorushwa Desemba 2013, kilipotoa toleo lake la pili la vipimo Aprili 2018. Ghafla tukawa na njia za karibu mafungunyota yote.

Mwaka huohuo vikundi viwili, kimoja cha Amina Helmi kule Uholanzi na kimoja cha Vasily Belokurov kule Cambridge, vilionyesha kwamba sehemu kubwa ya halo iliyo karibu nasi ni nyota zinazokwenda kama kombora: zinapiga mbio kuelekea katikati na kurudi nje, karibu bila kuzunguka. Wa Cambridge waliiita Soseji kwa umbo la mchoro wa kasi zake (naam, soseji, usicheke). Helmi na wenzake wakaiita Gaia-Enceladus. Ni mabaki ya galaksi moja kubwa kiasi, iliyogongana na yetu miaka bilioni nane hadi kumi na moja iliyopita. Mafungunyota yaliyo kwenye njia za namna hiyo ni zaidi ya ishirini kwa orodha ya 2019, miongoni mwao NGC 1851, NGC 2808, M79 na M2. Na yakiwekwa kwenye mchoro wa umri na chuma, hukaa kwenye lile tawi la mteremko. Hapo ndipo hoja inapokuwa na nguvu: ushahidi wa mwendo na ushahidi wa chuma vimetoka kwa vifaa tofauti na watu tofauti, wala havikupatana kabla, lakini vinataja majina yaleyale.

Mafungunyota yanafanya zaidi ya kusema "sisi ni wa kule". Lile changa kuliko yote katika kundi linaonyesha galaksi mama ilikuwa bado inazaa hadi lini, hivyo mgongano hauwezi kuwa ulimaliza gesi yake kabla ya hapo. Hata hesabu yake ina maana. Katika galaksi nyingi, kuanzia ndogo hadi M87 yenye mafungunyota zaidi ya elfu kumi, uzito wa mafungunyota yote kwa pamoja ni kama sehemu moja ya elfu thelathini ya uzito mzima wa galaksi, pamoja na maada nyeusi isiyoonekana. Kwa nini iwe hivyo ni mjadala mwingine. Ila kama uhusiano huo unashika, basi ukihesabu mafungunyota aliyoacha marehemu unaweza kukadiria alikuwa na uzito gani.

Sasa nikupunguzie moto kidogo. Utakutana na majedwali mazuri yanayogawa kila fungunyota: hili la Gaia-Enceladus, hili la Sequoia, hili la Helmi (hayo ni majina ya galaksi nyingine zinazodhaniwa kumezwa), hili la nyumbani. Jedwali mashuhuri ni la Davide Massari, Helmer Koppelman na Amina Helmi la 2019. Kwao mafungunyota 151 yaligawanyika hivi: asilimia 40 yalizaliwa nyumbani, 35 yalikuja na migongano inayojulikana, na mengine yakabaki bila makazi ya uhakika. Miongoni mwa yaliyobaki lilikuwamo kundi lililozama karibu na kitovu, lenye nishati ndogo. Diederik Kruijssen na wenzake, kwa kulinganisha umri na chuma na mifano ya kompyuta, walikuwa wameshasema ilikuwapo galaksi nyingine iliyomezwa mapema zaidi, wakaipa jina la Kraken. Wengine wakaona nyota za eneo hilo na kuiita Heracles. Kisha Belokurov na Andrey Kravtsov wakatumia alumini, ambayo galaksi kubwa huizalisha upesi kuliko ndogo, wakasema hapana, wengi wa hao ni wazaliwa wa hapa, kutoka enzi ambayo Njia Nyeupe ilikuwa bado haijapata sahani inayozunguka. Kwa hesabu yao zaidi ya nusu ya mafungunyota yote ni ya nyumbani.

Nani yuko sahihi? Mimi naelemea kwa wa alumini, lakini singeweka dau kubwa. Tatizo ni kwamba tiketi zinachakaa. Galaksi kubwa inapozama inakokotwa na mvutano wa ile inayoimeza na kupoteza nishati njiani, kwa hiyo mafungunyota yaliyong'olewa mwanzo na yaliyong'olewa mwishoni hayana tiketi sawa, ingawa basi lilikuwa moja. Na huko karibu na kitovu mabasi yote yanaishia stendi ileile. Kwa wazee kabisa matawi mawili ya umri na chuma nayo yanakutana. Mwanzoni kila mtu alikuwa maskini wa chuma. Kwa hiyo amini matawi, amini Sagittarius, amini kwamba mgongano mkubwa ulitokea. Jina la galaksi lililobandikwa kwenye fungunyota mojamoja lichukulie kama maoni ya mganga mmoja, na utafute wa pili.

Kuna na wasiohudhuria mahakamani. Mafungunyota hufa. Mwaka 2001 picha za Sloan, mradi wa kupiga picha anga, zilionyesha Palomar 5 likiwa na mikia miwili ya nyota ikichuruzika mbele na nyuma yake; linaisha huku tunalitazama. Mengine yamekwisha kabisa na kuacha uzi tu. Kwa muda mrefu hapakuwa na fungunyota tufe la Njia Nyeupe lenye chuma chini ya moja ya mia tatu ya Jua, na tukadhani chini ya hapo hayawezi kuundwa. Mwaka 2022 ikatangazwa C-19, uzi wa nyota wenye chuma chini ya moja ya elfu mbili, na dalili zake za kikemia ni za fungunyota tufe. Kumbe yaliundwa. Tuliyonayo leo ni yale yaliyosalimika, na yeyote anayesoma historia kutoka kwa waliosalimika anajua ugumu wake.

Kwa galaksi jirani yetu, Andromeda, habari ni nyingine tena. Iko miaka nuru milioni mbili na nusu, na nyota zake mojamoja za halo ni hafifu mno kupimwa kwa urahisi, lakini mafungunyota yake, karibu mia tano, yanapimika. Dougal Mackey na wenzake walionyesha mwaka 2010 kwamba katika halo ya nje mengi yamepangana juu ya mikanda ya nyota zilizoraruliwa, na mwaka 2019 kwamba yanazunguka kwa makundi mawili, moja likikata jingine kama msalaba. Maana yake Andromeda ilikula angalau vipindi viwili tofauti, kimoja si cha zamani sana. Njia Nyeupe, baada ya Soseji, imekaa kwa utulivu wa kushangaza.

Haya, Omega Centauri yako. Nimelisubirisha kwa sababu linavunja sheria niliyoanza nayo. Nilisema fungunyota ni rika moja. Katika mafungunyota tufe ya kawaida nyota zote zina chuma sawa. Omega Centauri siyo: kati ya nyota zake zenye chuma kidogo na zenye chuma kingi tofauti ni zaidi ya mara kumi, na si za umri mmoja. Hapo pana marika kadhaa katika boma moja, na boma lenye marika kadhaa lina uzazi wake. Wingu moja la gesi halifanyi hivyo. Moyo wa galaksi kibete unafanya, kwa sababu gesi huendelea kushuka katikati na kuzaa tena. Ongeza kwamba linazunguka kinyume na mwelekeo wa sahani yetu. Ongeza kwamba limeacha mkanda wa nyota nyuma yake. Mwaka 2024 watafiti waliotumia picha za Hubble za miaka zaidi ya ishirini wakataja nyota saba karibu na kitovu chake zinazokwenda kasi kuliko zinavyopaswa. Ili zisiruke nje, lazima pawe na shimo jeusi la angalau uzito wa Jua 8,200.

Kwa hiyo jibu langu: ni la kuja, na si mgeni wa kawaida. Kile kipande cha pamba ni moyo uliobaki wa galaksi ambayo mwili wake wote umeshatawanywa katika halo. Ni galaksi ipi hasa, wengine wanasema ileile Gaia-Enceladus, wengine Sequoia, na nimeshakueleza ninavyoyachukulia majina. Edmond Halley alilitambua kuwa si nyota ya kawaida mwaka 1677 akiwa kisiwa cha St Helena. Wewe umelitambua ukiwa Iringa umeme umekatika.

Kama unataka kulinganisha na moyo ambao bado haujamaliza kuraruliwa, subiri Agosti. Saa tatu usiku Kausi itakuwa juu sana kwako, na nyota zake kuu zimekaa kama birika la chai. Nyota ya chini kwenye mkono wa birika ni Zeta. Sogeza darubini kidogo tu upande wa magharibi, utakuta nukta iliyofifia kingo kama nyota iliyoguswa na kidole chenye unga. Hiyo ni M54. Mbalamwezi isiwepo, na egemeza viwiko ukutani mikono isitetemeke. Mjomba mwambie darubini yake utairudisha Septemba.